Mguu Ulioachwa Hewani

Mguu umeshuka. Msiniambie haukushuka, kwa sababu nimeupima mwenyewe kwa rula, kabla ya kwenda kula na baada ya kurudi, na mimi si mtu wa kubahatisha. Niliuacha umenyanyuka upana wa kucha ya kidole gumba, kisigino nyuma, vidole vinaelekea kiti. Nimerudi, mdomoni bado nina ladha ya mchuzi, mguu uko chini ya pale nilipouacha. Kidogo tu. Mtu asiyeijua kazi hii angesema ni uleule. Lakini kazi hii yote ni hicho kidogo tu, haina kingine.

Kazi yenyewe ni hivi. Nina kijitu cha waya na sponji, urefu wake shubiri moja na nusu, kichwa cha udongo niliouchanganya na nta, kanzu niliyoishona kutokana na foronya. Kimesimama ndani ya chumba cha maboksi kisicho na dari, juu ya meza yangu. Nakisogeza kidogo, napiga picha. Nakisogeza tena kidogo, napiga picha. Picha kumi na mbili zikipita mbele ya macho kwa sekunde moja, kijitu kimepiga hatua moja, na anayetazama ataapa kimetembea chenyewe. Toka mlangoni mpaka kwenye kiti ni hatua kumi na nne. Picha mia moja sitini na nane. Sekunde kumi na nne za uhai. Mwenye mkono mtulivu angezimaliza kwa siku tisa. Mimi niko wiki ya tano na sijavuka hatua ya sita.

Kijitu hicho ni baba yangu, Mzee Kibwana. Na anayesubiri afike kwenye kiti ni mama yangu, Bi Mosi, ambaye macho yake yanamuaga. Daktari alisema pazia linashuka na hana dawa ya kulizuia. Wiki sita, Mungu akipenda wiki saba. Mama hakulia. Aliniuliza kama bado nina ile kamera, nikasema ninayo, akasema basi ana haja moja tu kabla ya giza.

"Kutoka nilimwona," alisema. "Kuingia sikumwona."

Alimwona akitoka, ndiyo. Mimi pia nilimwona, nilikuwa nimekaa mkekani na mkate mkononi. Watu wawili wa Ofisi walikuja asubuhi, wapole, viatu vyao wamevivua mlangoni, wakamwambia baba anaitwa mara moja. Mara moja tu, Mzee. Baba akanyanyuka, akakiweka kikombe cha chai mezani kikiwa nusu, akasema msikimwage, narudi. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu siku hiyo. Katika mji huu kuna vipimo vingi vya wakati, kuna saa, kuna mwezi, kuna mwaka, na kuna mara moja, ambayo mpaka leo hakuna aliyewahi kuona mwisho wake.

Baina ya picha na picha kuna nini? Hili ndilo swali linaloniwasha. Mtazamaji haoni kitu pale. Anaona mguu hapa, halafu anaona mguu pale, na akili yake yenyewe inajaza katikati, inamkirimu bila ya kuombwa. Kumbe katikati ndiko mkono ulikoingia. Mkono mkubwa kuliko nyumba umeteremka kutoka pasipo na dari, umemshika mtu kiunoni, umempinda goti, umemgeuza shingo, umeondoka. Ukishaondoka ndipo picha inapopigwa, na picha inatoa ushahidi kwamba hapakuwa na mkono. Nimeishi katika mji huu miaka arobaini, au sitini, hesabu imenipotea, na naona mji wote unaendeshwa hivyo hivyo. Jana duka la mafuta ya taa lilikuwa kulia. Leo liko kushoto. Ukiuliza, watu wanakutazama kwa huruma, wanasema lilikuwa kushoto siku zote, wewe ndiye uliyelizoea vibaya. Na mimi mwenyewe, je? Nilivaa shati hili? Nani kalifunga kifungo cha juu, na mimi sifungi kifungo cha juu? Naweza kuwaambia nilikuwa wapi picha ilipopigwa. Nilikuwa wapi kabla ya picha iliyofuata, siwezi kuapa.

Basi usinione mtu wa shaka ukadhani ni maradhi. Shaka ndiyo akili ya mtu anayekaa mahali kama hapa.

Hata hivyo nilianza kwa kujilaumu, kama kila fundi. Siku ya nne pua ya baba ililegea kwa joto la taa, ikaning'inia. Nikaifinyanga upya, ikatoka pua ya mtu mwingine, picha ishirini zikaenda na maji. Siku ya saba umeme ulikatika kwenye hatua ya tatu, uliporudi mwanga ulikuwa wa rangi nyingine, kama vile baba kaanza safari mchana na kaendelea siku ya mawingu. Siku ya kumi nzi alitua begani kwake nisimwone, nikapiga picha nane za baba na nzi. Siku ya kumi na mbili niliugonga mguu wa meza kwa goti langu mwenyewe, dunia yote ya baba ikatikisika, nikaitupa rula ukutani na kusema maneno ambayo mtoto hayasemi mama yake akiwa chumba cha pili. Mama akaja akipapasa ukuta, akanipa maji ya kunywa na akasimama pale mpaka nikayamaliza. Nilifuta picha arobaini siku ile. Nilikaa nikashika tama. Halafu nikaanza tena, kwa sababu kuacha ni kazi vilevile, na mimi sijui kuifanya.

Lakini hayo yote yalikuwa yangu. Makosa yake mtu huyajua, yana harufu yake. Hili la mguu kushuka halikuwa langu. Lilikuja mchana tu, kila mchana, kati ya adhuhuri na saa nane, wakati ninapotoka chumbani. Mama ameniwekea sheria: niswali, nile uani, kisha nijinyooshe kwenye jamvi dakika arobaini kwa ajili ya mgongo. "Jinyooshe kidogo, mwanangu," husema, na hubaki mlangoni mpaka anisikie nimelala chali. Kisha huenda chumbani kwake. Nikirudi kazini, baba si yule. Mara mguu umeshuka, mara bega limelegea, mara kanzu ina mkunjo kwa nyuma, mkunjo wa nguo iliyokaliwa. Nikiiendeleza kazi, picha inaruka. Baba anatembea, anashtuka kama aliyeitwa na mtu, anatembea tena. Siwezi kumwonyesha mama mumewe akiingia nyumbani kwa kushtukashtuka. Alitoka kwa staha. Basi kila siku nafuta kazi ya asubuhi, na kila siku macho ya mama yanapungua kwa kiasi hichohicho.

Nikatega. Kwanza nilinyunyiza unga wa ngano sakafuni, kidogo sana, nione nyayo. Niliporudi sakafu ilikuwa inang'aa. Mama alisema aligusa kitu cha vumbi kwa mguu wake, akaona aibu, akafagia. Siku ya pili nikafunga mlango kwa ufunguo, ufunguo nikautia mfukoni na mkono nikauweka juu ya mfuko nilipolala. Mguu ulishuka vilevile.

Hapo damu ikanichemka, na ikanichemkia mtu mmoja. Katika nyumba yetu kuna mpangaji, chumba cha mbele, jina lake Makame, fundi saa. Ni mzee mkimya, ana kioo cha kukuzia cha jicho moja na vibano vya kila saizi. Fikiria na wewe. Ni nani katika mji huu anayeweza kusogeza kitu kwa upana wa kucha na asigonge kingine? Nani mwenye mkono usiotetemeka? Nani anayefungua kitasa kwa waya, tena mbele yangu, siku nilipopoteza ufunguo? Na taa niliyokuwa naitumia nani kaniazima, bila hata ya kumwomba? Kisha kuna hili, ambalo sikuwahi kulisema kwa sauti: zamani, kabla ya kuhamia kwetu, Makame alikuwa akitengeneza saa za Ofisi. Zile saa ambazo watu walikaa chini yake wakisubiri mara moja yao iishe. Nikajiambia, ndiyo. Ofisi haitaki arudi. Hata akiwa wa waya. Hata akiwa shubiri moja na nusu.

Picha za baba hatuna, ndiyo maana nikawaza hivyo. Siku ileile aliyoitwa, watu wa Ofisi walirudi wakazichukua zote, ati kwa ajili ya kumbukumbu. Kichwa cha kijitu nilikifinyanga kwa kujitazama kiooni, kwa kuwa watu husema nimefanana naye, na mama alikipapasa akaniambia masikio niyateremshe. Sasa nikijinyoa asubuhi namwona yeye, na nikimsogeza yeye nasikia goti langu. Ikiwa kuna mtu anamchezea baba mimi nikiwa nimelala, nitajuaje kwamba hanichezei mimi? Nilijichunguza nyayo. Niliweka alama ya wino mahali miguu yangu ilipolala jamvini. Nilipozinduka miguu ilikuwa pembeni ya alama. Najua, mtu hujigeuza usingizini. Najua. Lakini wewe unajua nini?

Nilimwendea Makame asubuhi, akiwa na saa iliyofumuliwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Nikamwaga yote: mguu, bega, mkunjo, kitasa, Ofisi. Nilimwambia mama yangu anapofuka na yeye anamwibia macho kwa kibano. Nilisema zaidi ya nilivyokusudia, kama ilivyo mtu akishaanza. Makame alikitoa kioo jichoni, akakifuta, akakirudisha mfukoni. Aliinuka akaja chumbani kwangu akaichomoa taa yake ukutani, akauzungusha waya mkononi taratibu, akaenda zake. Nikabaki na mwanga wa dirisha, ambao hautulii. Jua linapanda na vivuli vinatambaa, na baba akisimama kwenye hatua ya sita kivuli chake kinatembea bila yeye. Nilikuwa nimejikata mkono mwenyewe.

Saa nne akarudi. Alikuwa na saa ya mezani aliyoivua uso, na kwenye mshale wake wa sekunde kafunga kijiti kwa uzi. Alikiegesha juu ya kitufe cha kamera yangu. Kila dakika moja kijiti kiliinama kikabonyeza, kamera ikapiga picha, kijiti kikainuka.

"Weka hii ukienda kulala," alisema. "Halafu uje uniombe radhi."

Niliikagua saa ile nusu saa nzima. Niliitikisa, niliinusa. Nilidhani imefichwa kitu ndani yake, sijui kitu gani, kitu cha Ofisi. Lakini mtu aliyebaki na wiki moja au mbili hachagui. Nilimwacha baba kwenye hatua ya sita, mguu wa kulia hewani, nikafunga mlango, nikaswali, nikala wali nisioujua ladha yake, nikarudi kuitega saa, nikafunga tena, nikalala chali kama nilivyoamrishwa. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilisikia mlango wa chumba cha mama ukifungwa, kisha sikusikia kitu.

Zilikuwa picha thelathini na nane. Nilizitazama moja moja kwenye kompyuta, nimesimama, kiti sikukiona.

Katika tatu za mwanzo baba yuko peke yake, mguu juu. Ya nne ina mkono. Ni mkono mkubwa, umejaa chumba chote cha maboksi, umeteremka kutoka juu kama nilivyojua siku zote kwamba utateremka. Kisha nikaiona pete. Kisha, pembeni, pindo la kanga lililofungwa fundo, na nje ya fundo kichwa cha ufunguo, ufunguo wa pili wa chumba changu, ambao umekaa kwenye pindo lile tangu nyumba hii ijengwe, na ambao mimi, hodari wa kutega, sikuukumbuka.

Picha ya tano, mkono unaushusha mguu wa baba chini. Ya sita, unamshika kwapani. Ya saba, ya nane, anatembea, hatembei hivyo, anakokotwa, lakini anakokotwa kwa adabu, miguu yake inagusa sakafu. Ya tisa yuko mbele ya kiti. Ya kumi amekaa. Kanzu imekunjika kwa nyuma. Ya kumi na moja mama anamtilia chai kwa kijiko, chai ya kweli, ndani ya kikombe nilichomwekea mimi karibu na kiti, ambacho ni kifuniko cha dawa ya meno. Kisha uso wa mama unateremka karibu kabisa na meza, mkubwa kuliko ukuta, kwa sababu bila ya kukaribia hivyo haoni tena. Katika picha moja mdomo wake umefunguka. Katika nyingine umefumba na anasikiliza. Katika moja anacheka, na mimi kicheko kile sijakiona tangu nilipokuwa na mkate mkononi. Katika mbili anafuta macho. Ya thelathini na tano anamwinua. Ya thelathini na saba anaunyanyua mguu wake wa kulia, anatafuta kwa vidole ulikuwa juu kiasi gani, anakisia. Ya thelathini na nane ameshaondoka, na mguu uko chini ya nilipouacha kwa upana wa nusu kucha.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwa kupapasa. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilimwuliza kama ni yeye anayemshusha baba mguu. Hakukana, wala hakushtuka. Alinitazama upande wa sikio langu, ambako alidhani ndiko uso wangu uliko.

"Unamwacha kasimama mguu mmoja," alisema. "Baba yako ana goti bovu. Wewe unakwenda kula, unakwenda kujinyoosha, mwenzio umemwacha mguu juu, hata karibu kiti hukumwambia. Mgeni tu hatumfanyii hivyo."

Hasira ilinipanda. Wiki tano. Kila mchana wa huruma yake ulikuwa umekula asubuhi yangu, na kila asubuhi iliyoliwa ilikuwa imekula mwanga wake. Angemwacha asimame siku tisa tu, siku tisa, angemwona akiingia kwa macho mazima. Neno lilifika ncha ya ulimi. Kisha akaniuliza, sauti chini, kama ni yeye aliyekuwa akiniharibia kazi. Mimi, niliyemshuku kila mtu, niliyemshuku nzi, nikamwambia hapana, mama. Ni mwanga tu. Mwanga ulikuwa unabadilika.

Akarudi kwenye mchele. Nilisimama pale kwa muda mrefu, mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Kwa Makame nilikwenda na maneno machache, kwa sababu mengi nilikuwa nimeshayatumia vibaya. Aliniacha niombe radhi mpaka mwisho, hakunipunguzia hata neno, kisha akaibeba taa mwenyewe akaja kuichomeka. Tukakubaliana kesho asubuhi nianze upya na baba, nimwambie mama ukweli nusu, nimwombe asubiri siku tisa. Siku tisa tulikuwa tunazo, kwa ile hesabu ya daktari ya wiki saba.

Asubuhi mama alitoka chumbani akauliza mbona bado hakujakucha. Jua lilikuwa limejaa uani. Nilimshika mkono nikamgeuza upande wa dirisha, akasema ndiyo, huku kuna weupe. Mumewe alikuwa bado kwenye hatua ya sita.

Basi sikuwa na filamu. Nilikuwa na picha thelathini na nane zilizopigwa na kijiti. Nilimkalisha mama mbele ya kompyuta, nikaivuta karibu mpaka pua yake ikakaribia kioo, nikaziachia zipite, nne kwa sekunde. Na wallahi alitembea. Katika wiki tano sikuwahi kumtembeza baba hivyo. Aliteremsha mguu, akashikwa kwapa na mke wake, akakivuka chumba, akakaa. Zilipokwisha nikazirudisha mwanzo. Makame alisimama mlangoni na mikono nyuma.

"Naona cheupe," mama alisema. "Kinakwenda."

"Ndiyo yeye. Ni kanzu."

"Kwa huku ni mlango?"

"Ndiko mlango. Anaingia."

Picha zikapita tena, na tena. Niliona weupe ule ukimpita mashavuni, mdogo, toka kushoto kwenda kulia, ukatulia.

"Amekaa?"

"Amekaa, mama."

"Chai yake kaimaliza?"

Nilitaka kujibu upesi, kama mtu anavyomjibu mgonjwa. Lakini mimi kazi yangu ni kupima. Nikazisimamisha picha, nikaenda moja moja, nikatazama kikombe. Kwenye ya kumi na mbili kimejaa mpaka ukingoni. Ya kumi na tatu kimejaa. Ya kumi na nne hakina kitu, kikavu mpaka chini, na mikono ya mama yote miwili iko mapajani mwake, na kijiko kiko mezani palepale kilipokuwa. Baina ya picha na picha kuna dakika nzima. Nilimtazama Makame, Makame akatazama sakafu. Nilikigeuza kile kifuniko mezani, nikakipitisha kidole ndani, kikatoka kikavu.

"Kaimaliza," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika mji huu sikuuliza ni nani aliyeingia hapo katikati.